ATAPANGIWA WAPI?

Kila mwaka inapokaribia miezi ya Juni na Julai, liko swali moja linalosikika sana katika mabaraza ya jioni ya Temeke, Tandika, Mbagala, Magomeni na Kinondoni. Mzazi mwenye mtoto aliye katika mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu huulizwa na jirani zake, naye akifika nyumbani humwuliza mwanawe: "Sasa ukimaliza, utapangiwa wapi?"

Swali hili twalijua, kwani nasi tumeulizwa. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee mmoja wa Tandika, mstaafu wa bandari aliyebeba magunia kwa miaka mingi ili watoto wake wabebe vitabu, alitugeukia akasema kwamba binti yake asomea uchumi, amebakiza miezi michache tu, na je, kwa kawaida wanauchumi hupangiwa wapi siku hizi? Mzee yule hakuuliza kwa tamaa. Aliuliza kama abiria anayeuliza saa ya gari moshi: kwake yeye gari lipo na litakuja, lililobaki ni kuijua saa yake. Tuliona haya kumjibu kwa neno moja, maana jibu la kweli ni kwamba hakuna atakayempangia. Tukaona yafaa tulieleze jambo hili kwa marefu, kwa faida yake, kwa faida ya binti yake, na kwa faida ya wafanyakazi wote wenye watoto vyuoni.

Zamani za Kupangiwa

Kwanza tuseme wazi kwamba swali la mzee halikutokana na ujinga. Zamani lilikuwa swali la haki kabisa. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, majuma machache tu kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi nzima wakati ule ilikuwa na wahandisi wazalendo 2 na madaktari 12. Katika hali hiyo msomi hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Mpango wa Maendeleo wa mwaka 1964 hadi 1969 uliweka shabaha kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake. Serikali ilihesabu ni wangapi wanaotakiwa katika kila fani, ikawasomesha, na walipomaliza ikawapanga: huyu wizarani, huyu sekondari ya Tabora, huyu shirika la umma.

Lakini upande wa pili wa habari hiyo wengi wameusahau. Kupangiwa hakukuwa zawadi ya bure. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka walipwe asilimia 40 tu ya mshahara katika muda wa utumishi wao. Mwalimu aliwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na mwezi wa Novemba, 1974, Azimio la Musoma lilitaka mwanafunzi amalizapo kidato cha 6 asikimbilie Chuo Kikuu moja kwa moja, bali kwanza alitumikie taifa na afanye kazi, ndipo asome. Yako mengi ya kubishaniwa katika Azimio lile, na lenyewe halikudumu. Hata hivyo lilikuwa na jambo moja ambalo leo twalihitaji sana: aliyeingia Chuoni alikwisha kuonja kazi, aliijua sura ya ofisi au ya karakana, na alijua anasoma kwa ajili gani. Leo kijana aweza kukaa darasani kwa miaka 16 au 17 mfululizo, akatoka na shahada mkononi, na siku yake ya kwanza kazini ikawa ndiyo siku yake ya kwanza kumwona msimamizi wa kazi.

Hesabu ya Leo

Mambo yamebadilika. Toka miaka ya 1990 Serikali iliacha kuwaajiri wahitimu moja kwa moja kama zamani, na mashirika mengi ya umma yakauzwa au kufungwa. Wakati huo huo vyuo viliongezeka, vya umma na vya watu binafsi. Hapa Dar es Salaam peke yake, Mlimani si chuo cha pekee tena. Temeke ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe, kilichoanzishwa 2005. Kinondoni ndiyo makao makuu ya Chuo Kikuu Huria. Mlimani yenyewe sasa imo katika wilaya ya Ubungo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Jambo hili ni la kushangilia, kwani watoto wa makuli, wa mama lishe na wa wakulima wasingepata nafasi kama vyuo vingebaki na wanafunzi 14. Lakini kila lenye faida lina gharama zake, na gharama ya jambo hili ni kwamba milango ya kusomea imepanuka kuliko milango ya kazi.

Wakazi wa Temeke hawana haja ya kuambiwa. Waliona kwa macho yao. Mwezi wa Juni, 2014, Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji wa kazi kufanya usaili katika Uwanja wa Taifa, uwanja ule ambao toka 2020 unaitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa. Nafasi zilikuwa 70. Waliofika walipita 10,000. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya mpira ulijaa vijana wenye kalamu na mabahasha, wamekaa jukwaani kama watazamaji, na kila mmoja alijua kwamba katika watu zaidi ya 140 wanaomzunguka atachukuliwa mmoja tu. Watu waliona picha zile wakasikitika, kisha wakasahau.

Miaka 11 baadaye hesabu haikuwa nyepesi sana. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakawa 135,027. Kila nafasi moja iligombewa na watu 84 na zaidi. Twaomba binti wa mzee wetu asiisome hesabu hii kwa hofu. Aisome kama nahodha asomavyo upepo kabla ya kutweka tanga. Nahodha hajui kuuzuia upepo, lakini aujuaye mapema hujua atashika njia gani, na ni mizigo gani aifunge kwanza.

Fani nyingine upepo wake ni tofauti. Wako wanaohitajiwa vijijini lakini hawatakiwi mjini, na wako waliozidi mjini ingawa wilayani hawaonekani. Lililo baya ni kijana kufika mwaka wa mwisho bila kuuliza hata mara moja waliomtangulia katika fani yake wako wapi leo. Jibu la swali hilo halihitaji uchunguzi mkubwa. Awatafute watu 10 waliomaliza fani yake mwaka mmoja au miwili iliyopita, awaulize wanafanya nini, walipataje, walikaa muda gani bila kazi, na wangejua nini mapema kama wangerudi nyuma. Kwa majibu hayo 10 atajifunza mambo ambayo mihadhara mingi haikumfundisha.

Karatasi Kabla ya Kazi

Sasa tushuke katika mambo madogo, kwani mara nyingi mambo madogo ndiyo yawaangushayo vijana wetu.

Kazi za Serikali leo huombwa kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa njia ya mtandao. Mwombaji hutakiwa awe na namba ya kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na vyeti kamili vya masomo. Matangazo mengi ya kazi hizo husema wazi kwamba karatasi ya matokeo ya kidato cha 4 na cha 6 haikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Hata hivyo wapo wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao vyeti vyao vya sekondari bado vimo kabatini mwa shule walizosoma, huko Songea au Bukoba, kwa sababu hawakuona haja ya kuvifuata. Tangazo la kazi hutolewa na kufungwa kwa muda wa majuma mawili hivi. Katika majuma hayo mwenye cheti huomba, asiye nacho hupanda basi.

Liko pia jambo la majina. Mtoto aliandikwa Mwanahawa Juma katika cheti cha kuzaliwa, shule ya msingi ikamwandika Hawa Juma, na Chuo kikamwita Hawa J. Salum. Kwa jirani zake ni mtu yule yule. Kwa karani wa usaili ni watu watatu. Kuyasawazisha majina kwataka kiapo au hati ya kisheria, na kwataka muda. Muda huo ni sasa, angali mwanafunzi, wala si asubuhi ya usaili.

Nasi hatuwezi kutaja vyeti bila kutaja yaliyotokea mwaka 2017, ambapo watumishi wa umma 9,932 waligunduliwa kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini. Baadhi yao walikuwa wametumika kwa miaka mingi. Ni fedheha iliyoziingia nyumba nyingi. Kijana asidanganywe na mtu ye yote kwamba iko njia ya mkato katika jambo hili. Vivyo hivyo asidanganywe na wale wanaouza kazi. Mtu akikutaka utume fedha ili jina lako lipite, huyo hana kazi ya kukupa. Kazi yake ni kukuibia. Matapeli hawa huwawinda hasa watu wa aina ya mzee wetu wa Tandika, mwenye akiba kidogo ya kiinua mgongo na upendo mwingi kwa mwanawe.

Shahada Si Leseni

Wazazi wengi wadhani siku ya mahafali ndiyo mwisho wa safari. Katika fani nyingi siku hiyo ni kituo cha njiani tu. Mwenye shahada ya sheria hawezi kusimama mahakamani kama wakili kwa shahada hiyo peke yake; hana budi kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kufundisha mwaka 2008. Daktari hutakiwa kufanya mwaka 1 wa mazoezi hospitalini chini ya uangalizi. Mhandisi huandikishwa kwanza kama mhitimu na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kwa kawaida hufanya kazi kwa miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Mhasibu anayetaka kuheshimiwa hufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu.

Mambo haya yote yana ada, yana tarehe na yana masharti. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiyeyajua atajikuta amekaa nyumbani mwaka mzima, si kwa kukosa akili wala kwa kukosa kazi, bali kwa kukosa kujua kwamba dirisha la kuomba lilifungwa juma lililopita. Na mzazi asiyeyajua atasema mtoto wake ni mvivu. Kwa hiyo twawashauri wanafunzi wakae na wazazi wao mapema, kabla ya mtihani wa mwisho, wawaeleze kwa lugha nyepesi hatua zilizobaki, muda wake na gharama zake. Mzee aliyebeba magunia miaka 30 hashindwi kubeba habari ya kweli. Linalomshinda ni kungoja bila kujua angoja nini.

Deni la Wananchi

Wengi wa watoto wa wafanyakazi wamesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Mkopo ni deni. Toka sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Tuseme kijana ameanza kazi kwa mshahara wa msingi wa Shs. 900,000: hapo Shs. 135,000 huondoka kila mwezi kwa ajili ya mkopo, mbali na kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Zamani deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Nyongeza hiyo ilifutwa 2021, na wafanyakazi wengi walishukuru.

Twasema haya ili kijana ajue anadaiwa kiasi gani kabla hajaondoka Chuoni, na ili ndugu wa nyumbani wajue kwamba mshahara unaotangazwa si mshahara unaofika mkononi. Mara nyingi tumeona ugomvi katika nyumba kwa sababu ya hesabu hii isiyoelezwa. Mama asema, "Mwanangu analipwa laki tisa, lakini ananitumia elfu thelathini." Kumbe mwana mwenyewe hazipati laki hizo tisa zote, na katika kinachobaki alipa chumba Kijitonyama, nauli ya daladala, na ada ya mdogo wake.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hesabu. Mwalimu aliwahi kumfananisha msomi na kijana wa kijiji chenye njaa, ambaye wenzake walimpa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea kingine. Asiporudi, huyo amewasaliti. Mfano huo haujachakaa. Fedha inayorudishwa Bodi leo ndiyo imsomeshayo mtoto mwingine wa Mbagala mwaka ujao. Anayelipa deni lake anamfungulia mlango mtoto asiyemjua.

Neno "Jiajirini"

Sasa twafika katika neno ambalo vijana wamelisikia hata limewachosha: "Jiajirini." Husemwa katika mahafali na mtu aliyeajiriwa, mwenye gari na dereva, kisha akaondoka. Sisi hatulidharau neno hilo, lakini twaona haya kulisema nusu. Kujiajiri kwataka ujuzi, mtaji, soko na uvumilivu, na shahada peke yake haitoi hata kimoja katika hivyo vinne.

Ujuzi hupatikana kwa kufanya. Ndiyo maana tunalia na mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi hupelekwa kazini kwa majuma machache, na wengi huyageuza majuma hayo kuwa ya kutafuta sahihi ya msimamizi. Wengine hupewa kazi ya kutuma chai na kutoa nakala za karatasi, wakarudi Chuoni walivyokwenda. Wote wawili wamepoteza. Mwanafunzi mwenye akili huingia mahali pale akiwa na daftari, huuliza kazi hufanywaje toka mwanzo hadi mwisho, na huacha nyuma watu watakaomkumbuka kwa jina. Kazi nyingi katika nchi hii, hasa katika kampuni ndogo, hazitangazwi popote. Hupewa aliyekwisha kuonekana kwamba anafika kwa wakati na hamalizi siku bila kumaliza kazi.

Tembea Keko uone maseremala. Wengi wao hawakufika Chuo Kikuu, lakini wanajua bei ya mbao, wanajua mteja apendacho, wanajua kuhesabu hasara. Wengi hawana wa kuwaandikia vitabu vya hesabu, wa kuwatafutia soko nje ya jiji, wala wa kuwasomea masharti ya zabuni. Na hatua chache kutoka hapo, Chang'ombe, wako vijana wasomi wanaosema hakuna kazi. Hatusemi kila msomi akashike randa. Twasema kwamba katika pengo lililo baina ya karakana na darasa imo kazi, na anayeweza kuliona pengo hilo angali mwanafunzi, akaenda Jumamosi mbili tatu kujitolea, atakuwa amejifunza biashara kwa gharama ya nauli tu.

Kuhusu mtaji, vijana wajue haki yao. Toka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya kasoro nyingi, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Vijana huipata kwa vikundi, na kikundi chataka watu wanaoaminiana. Watu hao hawaokotwi siku ya kujaza fomu. Ndio wale mliosoma pamoja, mkaonana nani hulipa deni la chakula na nani hukwepa. Mwaka wa mwisho ni mwaka mzuri wa kuwachagua wenzi wa kazi.

Tena tusiwafunge vijana katika jiji hili. Wako wanaoogopa kutoka Sinza kama kwamba nchi yaishia Kibaha. Mwaka mmoja au miwili ya kazi wilayani, penye upungufu wa watu, humfundisha kijana mambo ambayo angengoja miaka 10 kuyagusa mjini, kwani huko hupewa jukumu kamili mapema. Wazazi nao wasiwalilie watoto kana kwamba wanakwenda vitani.

Wajibu wa Wafanyakazi

Twawageukia sasa wasomaji wetu wafanyakazi, maana jambo hili si la wanafunzi peke yao. Ndugu, wewe uliye fundi mkuu katika kiwanda cha Barabara ya Nyerere, wewe uliye karani, mpishi mkuu, msimamizi wa ghala: anapoletwa kwako mwanafunzi wa mafunzo, usimwone kuwa msumbufu, wala usimwogope kwamba anakuja kukunyang'anya kiti. Mfundishe. Mtoto wako naye yuko kwa mwenzako mahali pengine, na utakavyomtendea huyu ndivyo utakavyotamani huyo atendewe.

Mfundishe pia haki zake, kwani vijana wengi huingia kazini wakiwa na njaa hata wakakubali lo lote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Kijana mwenye shahada asiyejua hayo hufanyishwa kazi miezi 8 kwa jina la "majaribio", bila mkataba, bila mchango wa hifadhi ya jamii, kisha akaambiwa asante. Kujitolea ili kujifunza ni jambo jema likiwa na mwanzo na mwisho unaojulikana. Kujitolea kusikokuwa na mwisho si mafunzo. Ni kazi ya bure, na wafanyakazi wa nchi hii walikwisha kuikataa kazi ya bure toka zamani.

Wazazi nao tunawasihi kwa heshima. Kijana aliyemaliza masomo akakaa miezi 6 bila kazi hana haja ya kukumbushwa kila asubuhi kwamba ni mzigo, ajua. Msichana aliye katika hali hiyo asisukumwe katika ndoa ili nyumba ipumue. Mpeni muda wenye mpaka, tuseme mwaka mmoja, mkikubaliana atafanya nini katika kila mwezi wa mwaka huo: kuomba, kujifunza, kujitolea, kusaidia biashara ya nyumbani. Mwenye ratiba hukata tamaa polepole kuliko asiye nayo. Naye kijana asione aibu kusimama katika genge la mama yake Tandika kwa sababu ana shahada. Genge hilo ndilo lililomnunulia madaftari.

Jibu kwa Mzee

Tulimjibu nini basi mzee wetu? Tulimwambia kwamba siku hizi watoto hawapangiwi. Alinyamaza kidogo, akatazama kikombe chake, kisha akasema: "Basi mimi namchelewesha. Kila siku namwambia asome tu, mengine yatakuja yenyewe."

Maneno hayo yametuingia, kwani si ya mzee huyo peke yake. Sisi sote wa kizazi cha nyuma tumewafundisha watoto wetu kusoma kama kwamba mambo ni yale yale ya 1961, kisha twawalaumu kwa kutokujua njia za leo. Vyuo navyo vina sehemu yake: haitoshi kumkabidhi mtu cheti na kumpigia tarumbeta, kama katika miaka mitatu au minne hakuna aliyekaa naye nusu saa kumwuliza ataishije.

Mzee alitwambia atazungumza na binti yake jioni ile ile. Tulimpa mambo manne ya kumwuliza, nasi tunayarudia hapa kwa wazazi wote. Je, vyeti vyako vyote unavyo mkononi, na majina yake ni mamoja? Je, baada ya shahada, fani yako yadai hatua gani nyingine, na dirisha lake hufunguliwa lini? Je, mkopo wako umefika shilingi ngapi? Na je, ni nani aliyekwisha kukuona ukifanya kazi, ambaye leo akiulizwa habari zako atasema neno jema?

Hayo hayaahidi ajira. Mtu ye yote anayeahidi ajira kwa maneno anadanganya. Lakini binti atakayeweza kuyajibu yote manne kabla ya mtihani wake wa mwisho atatoka Chuoni akijua pa kuanzia, na baba yake ataacha kungoja gari lisilokuja.